Mbabula inakula kabla ya watoto



Kikao cha likelemba cha juma lililopita kilikwama. Fedha za mzunguko zimekusanyika, na wenzetu wengine wanataka tununue mbabula za udongo, moja kwa kila nyumba. Wengine wanasema hapana, tununue pano ndogo za jua kwa ajili ya taa. Tulibishana mpaka jua likaanza kushuka. Mama mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango, akanyoosha mkono akasema: “Mimi nina watoto saba, na makala ninanunua ya fungu, moja asubuhi na moja magaribi. Hiyo mbabula mpya ikifika, nitaweka nini ndani?” Tulicheka, kisha tukanyamaza wote. Kikao kilifungwa bila uamuzi. Ukurasa wa leo tunautoa kwa swali la mama yule.

(Dada zetu wa Kigoma wakisoma neno “makala” watafikiri tunasema juu ya andiko la gazeti. Wao husema mkaa. Hapa kwetu makala ni makala, na kila mtu anajua yanavyochafua mikono.)

Tuanze na fungu lenyewe. Ukijumlisha mafungu yote ya mwezi, umekwisha kulipa gunia zima na umemwongezea muuzaji juu yake. Si kwamba hatujui hesabu. Gunia linadai fedha zote siku moja, na fedha zetu zinakuja siku kwa siku, nyingine zinakuja jioni tu baada ya ndagala kuuzwa. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo analipa zaidi kwa makala yale yale. Na barabara ya Bukavu au ya Fizi ikifungwa, au mvua ikikata njia za milimani, fungu mara nyingine linabaki na bei ile ile, lakini linakonda. Mama wa watoto saba hakosi akili. Anakosa gunia.

Sasa tuangalie makala yale yanakwenda wapi yakishawaka. Mbabula tuliyozoea ni ya chuma chembamba. Sogeza mkono karibu na ubavu wake bila kuugusa. Joto unalosikia pale limetoka katika fungu lako, na halikuingia katika sufuria. Joto jingine linapanda pembeni mwa sufuria kwa sababu sufuria ni ndogo kuliko mdomo wa mbabula. Jingine linachukuliwa na upepo wa ziwa, maana wengi wetu tunapika uani mahali peupe. Na jingine linatoka juu pamoja na mvuke, kwa sababu kifuniko kilipotea tangu mwaka juzi na hakuna aliyekitafuta.

Hilo la kifuniko linatuuma zaidi, kwa kuwa dawa yake haina bei. Maji yakishachemka hayazidi kupata moto. Ukiongeza makala, unapata mvuke mwingi tu, na ukipunguza moto mpaka yachemke polepole, chakula kinaiva kwa muda ule ule. Sisi wenyewe tumelelewa kuamini kwamba sufuria inayotoa povu na kelele ndiyo inayofanya kazi. Siyo kweli. Funika, hata kwa sahani ya bati yenye jiwe dogo juu. Zungusha matofali ya udongo pande tatu za mbabula ili upepo usipite, ukiacha wazi upande wa mdomo wa hewa. Chagua sufuria inayofunika mdomo wa moto. Na chakula kikishaiva, usiache makala yamalizike bure: yatoe kwa koleo, uyatie ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko, nje ya nyumba. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho yanawaka haraka kuliko mapya. Kuyamwagia maji ni kuyaharibu, na mbabula yenyewe inapata kutu.

Mama wa swali letu anaweza kufanya hayo yote leo magaribi kabla likelemba haijatoa hata franka moja. Lakini tulitaka kumpa kitu zaidi, na hapo tunaingia katika habari ya kikapu.

Kupika katika kikapu si uvumbuzi wetu. Wamama wa Kenya wanatumia, na Ulaya walitumia masanduku yaliyojaa nyasi kavu wakati wa vita, makaa yalipokuwa haba. Akili yake ni nyepesi. Sufuria ikishachemka vizuri inaondolewa motoni na kufungiwa ndani ya kitu kinachozuia joto lisitoke, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Maharagi yanafaa sana kwa sababu ndiyo yanayomaliza makala katika nyumba zetu. Bugali unaiva upesi. Sombe inachukua muda. Maharagi yanachukua nusu ya siku.

Mara ya kwanza tulishindwa, na tunasema wazi ili nanyi msirudie. Tulichukua kikapu kikubwa, tukaweka vikwembe viwili tu, tukatia sufuria ndogo iliyojaa nusu, na maharagi yenyewe hatukuyaloweka. Watoto wakafungua mara tatu kuangalia muujiza. Jioni yalikuwa vuguvugu, magumu, na yameanza kutoa harufu. Mama mkwe wa mmoja wetu alikuwepo siku ile. Aliangalia sahani, akaangalia kikapu, akasema: “Binti yangu, chakula kilicholala ndani ya nguo, kesho kitaamka na nani?” Tulimwaga yote. Maharagi ya siku nzima, na makala juu yake. Haikuwa jambo la kuchekesha kwa nyumba ile.

Mara ya pili tulifanya hivi, na mpaka leo tunafanya hivi. Usiku tunachagua maharagi, tunayaosha na kuyaloweka katika maji mengi. Asubuhi tunamwaga maji yale, tunatia mapya, tunafunika na kuchemsha. Yakianza kuchemka kwa nguvu tunayaacha yachemke nusu saa kamili. Msipunguze hapo. Maharagi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka kweli kweli, na joto la kikapu peke yake haliiui. Mtu akila yasiyochemshwa vizuri anatapika na kuharisha. Baada ya nusu saa ile, sufuria iliyojaa karibu mpaka juu, na kifuniko chake kimekaa sawa, inaingia katika kikapu.

Kikapu kimeandaliwa mapema. Chini na pembeni tumeshindilia majani makavu ya migomba na vitambaa vya zamani, unene wa kiganja kizima, tukaacha shimo katikati lenye umbo la sufuria. Juu tunaweka mto tulioushona kwa kikwembe kilichochakaa na kuujaza vipande vya nguo. Kisha blanketi. Sufuria isiwe na makala yaliyonata chini, maana nyumba nzima inaweza kuungua. Baada ya hapo hakuna kufungua kwa muda wa saa nne. Tukitoka masomoni saa sita na nusu, maharagi yamelainika; tunayarudisha motoni yachemke tena, tunatia kitunguu, chumvi na mawese, tunakula. Yasilale humo usiku kucha, kwa sababu chakula kilichobaki vuguvugu kwa muda mrefu ndicho kinacholeta magonjwa ya tumbo.

Mama mkwe alikula. Hakusifu. Aliomba aongezewe.

Makala tuliyotumia siku ile hayakufika fungu zima. Zamani maharagi peke yake yalikula mafungu mawili na kugusa la tatu. Nyumba yako inaweza kupata tofauti ndogo kuliko hiyo au kubwa kuliko hiyo, inategemea maharagi ni mapya au ya zamani. Jaribuni mkahesabu wenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo sisi walimu tunaiona darasani. Anayekaa kupepea moto wa maharagi ni msichana. Tunamjua anapoingia: macho mekundu, daftari lina alama ya kidole cheusi, zoezi la hesabu limeishia katikati. Katika mwaka wa sita, wakati wa kujiandaa na mtihani, saa mbili za kila jioni si kitu kidogo. Kaka yake amemaliza zoezi. Hatusemi ili kulaumu mama yeyote, sisi nasi tuna mabinti na tumewaketisha pale pale. Tunasema tu kwamba kikapu hakihitaji mtu wa kukipepea.

Turudi kwa mbabula ya udongo, maana waliotaka inunuliwe hawakukosea. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Kenya wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao mafundi waliutengeneza kwa kuiga jiko la Thailand: nje chuma, ndani bakuli la udongo uliochomwa. Udongo unazuia joto lisipotee ubavuni, na mtu akilitumia vizuri anaweza kupunguza makala kwa theluthi au zaidi. Hata Goma mbabula za namna hiyo zilisambazwa, kwa sababu sehemu kubwa ya makala ya mji ule ilikuwa inatoka katika miti ya Virunga. Lakini zipo nzuri na zipo za kudanganya. Kabla ya kulipa, gonga udongo kwa kidole. Ukilia vizuri kama chungu kizima, sawa. Ukilia kama kitu kilichopasuka, rudisha. Angalia kama udongo umeshikamana na chuma bila kutikisika, na kama mlango wa hewa unafungika, maana mlango huo ndio unaopunguza moto. Siku za kwanza washa moto mdogo. Usimwage maji ndani yake hata siku moja, udongo utapasuka.

Mbabula, ya chuma au ya udongo, isilale chumbani na watu. Majira ya mvua yakija tunaona nyumba zinazoingiza mbabula ndani ili kupata joto, na kufunga mlango. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haisikii. Kichwa kikiuma na mwili kulegea karibu na mbabula, toka nje kwanza, ukiwatoa na watoto. Maswali baadaye.

Kuhusu maji ya kunywa, hapa Uvira hatuwezi kuambiana “msichemshe” kama vile kipindupindu hatukijui. Kinatujua vizuri. Lakini kuchemsha bidoni nzima kila siku kunakula makala mengi, na ndiyo sababu nyumba nyingi zinachemsha siku mbili, zinaacha siku tano. Ipo njia ya jua. Profesa Aftim Acra wa Beirut, Libanoni, alionyesha karibu na mwaka 1980 kwamba mwanga wa jua unaua vijidudu katika maji yaliyo ndani ya chombo kinachopenya mwanga, na watafiti wa Uswisi wakaendelea na kazi hiyo. Chupa iwe ya plastiki nyeupe inayoonekana ndani, isiyozidi litre 2, isiyokwaruzika, karatasi yake imetolewa. Ijazwe, ifungwe, ilazwe juu ya manjanja saa 6 penye jua kali. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, iachwe siku 2. Maji ya matope hayafai: weka chupa juu ya ukurasa huu, uangalie kutoka mdomoni mpaka chini, kama herufi za kichwa cha habari hazisomeki, yaache maji yatuame, uyachuje kwa kitambaa kizito kwanza. Baada ya mvua, maji ya Mulongwe hayatapita mtihani huo. Na wahudumu wa afya wakitangaza ugonjwa na kugawa dawa ya klorini, fuateni dawa.

Waliotaka pano za jua nao wana neno lao. Umeme wetu unatoka Ruzizi, katika mabwawa mawili, la kwanza la wakati wa Wabelgiji, na la pili lililoanza kazi mwaka 1989 ambalo tunashirikiana na Rwanda na Burundi. Magaribi kila mtu anachomeka kitu, na ampuli zinageuka rangi ya chai. Resho moja ya watt 1000 ikiwaka saa moja inakula umeme ambao ungetosha ampuli ya LED ya watt 9 kwa zaidi ya saa 100. Na ampuli hiyo ndogo inatoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya watt 60. Kwa hiyo mwenye ampuli ya zamani abadilishe hiyo kwanza. Pano ndogo inatosha taa na simu. Haitapika maharagi, hata muuzaji akiapa.

Tukitazama juu ya mji tunaona milima ilivyobaki na vichaka. Ili kupata kilo 1 ya makala kwa tanuri la udongo, wachomaji wanatumia kilo 5 mpaka 10 za kuni. Hatusemi kwamba mbabula zetu ndizo zilizoleta mto usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Mvua ilikuwa kubwa mno, na nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa karibu na Mulongwe. Lakini mlima usio na miti haushiki maji wala mawe, na wale waliozika watu wao au kupoteza nyumba siku ile hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza. Anayechoma makala kule juu naye ana watoto. Akipata mnunuzi wa gunia moja badala ya mawili, atakasirika kwanza, na hatuna jibu zuri la kumpa.

Basi pendekezo letu kwa kikao kijacho ni hili, na mnaweza kulikataa. Fedha za mzunguko huu zisinunue mbabula wala pano. Zinunue magunia ya makala kwa pamoja, yahifadhiwe mahali pakavu, na kila mwanachama achukue kwa kupima na kulipa kidogo kidogo kwa bei ya gunia. Ile tofauti ambayo sasa inakwenda kwa muuzaji wa fungu ibaki katika sanduku letu, mpaka itoshe mbabula za udongo, na tuanze na nyumba zenye watoto wengi. Tunajua mahali pa ugumu: nani atashika ufunguo? Mwaka uliopita tulipoteza imani kwa sababu ya daftari lisiloandikwa vizuri. Safari hii wawe watu wawili wa avenyu tofauti, na hesabu isomwe kwa sauti kila juma, hata kama wanaoisikiliza ni watano.

Wale wawili waliosema hawataki kusikia habari ya kikapu wanakaribishwa pia. Tutapika maharagi pale pale, tutayafunga asubuhi, tutayafungua mbele yao. Mwenye kikapu kilichotoboka asikitupe, akilete. Tunahitaji majani makavu ya migomba, vikwembe vya zamani, sindano kubwa na uzi. Kila mtu aje na sahani yake, na yule mama wa nyuma, karibu na mlango, safari hii tumemwekea kiti mbele.